Kiwanja cha Shule si Ardhi Tupu

Alasiri za siku za kazi, hasa kuanzia Machi hadi Mei, utawaona kwenye barabara za Dar es Salaam. Ni kundi la wanafunzi wa sekondari, mabegi mgongoni, mmoja kabeba mipira ndani ya wavu, mwingine kakumbatia fungu la jezi, na mwalimu wa michezo yuko nyuma anahesabu vichwa kabla ya kuwavusha. Wanatafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Wakifika kiwanjani na kukuta timu ya mtaa imewahi, wanasubiri pembeni mpaka jua linaanza kuzama. Wakikuta maturubai ya mkutano wa injili au jukwaa la kisiasa, wanageuza. Masika yakichachamaa, viwanja vya bondeni Jangwani hujaa maji. Na mashindano ya michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, ngazi ya wilaya hayangoji mvua iishe.

Ukimuuliza mwalimu kwa nini hawafanyi mazoezi shuleni kwao, jibu hufanana kata kwa kata: kiwanja tulikuwa nacho, lakini. Baada ya hilo "lakini" hufuata maabara, vyoo, jengo jipya la madarasa, nyumba ya mwalimu, au safu ya fremu za biashara zinazotazama barabara. Wakati mwingine hufuata jina la jirani aliyejenga ukuta wake ndani ya eneo la shule, na kesi ambayo haijaisha.

Msimamo wangu ni huu. Kiwanja cha michezo ni sehemu ya shule kama lilivyo darasa. Shule isiyo na mahali pa kuchezea haijakamilika, na anayekimega kiwanja chake, hata kwa nia njema, anawapunguzia wanafunzi elimu yao. Wavamizi wa ardhi wapo na wanastahili kushughulikiwa. Lakini viwanja vingi vimeliwa na sisi wenyewe, wazazi, kamati, halmashauri na wafadhili, kwa sababu tunaamini kwamba mahali pasipo na jengo ni ardhi tupu inayosubiri matumizi ya maana.

Bandu bandu huisha gogo

Hakuna mkuu wa shule anayeamka asubuhi na kutangaza kwamba leo anafuta kiwanja. Kiwanja hufa kwa vipande. Mwaka huu maabara inachukua kona ya mashariki, na goli linasogezwa. Mwaka kesho vyoo vya wasichana vinachukua upande wa nyuma, na kiwanja cha netiboli kinafutika. Halafu anakuja mfadhili na jengo la madarasa manne. Anaulizwa alijenge wapi, naye anaonyeshwa palipo wazi. Kila hatua ina sababu nzuri na kila hatua inapigiwa makofi. Miaka kumi baadaye shule ina majengo mengi na kijia chembamba cha kupitia katikati yake. Wahenga walishatuambia: bandu bandu huisha gogo.

Tulifikaje hapa? Shule kongwe za jiji, kama Azania, Jangwani na Pugu, zilijengwa wakati watu walikuwa wachache na ardhi ilikuwa ya kutosha, na waliozichora walianza na ramani yenye viwanja ndani yake. Kisha mwaka 2004 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, na katika miaka michache iliyofuata kila kata ilihimizwa kuwa na sekondari yake. Ilikuwa kazi kubwa na njema. Watoto waliokuwa wakiishia darasa la saba walipata kidato cha kwanza karibu na nyumbani. Vijijini, serikali ya kijiji iliweza kutoa ekari kadhaa. Mjini, kata ilitafuta palipobaki, na mara nyingi palipobaki palikuwa uwanja wa shule ya msingi. Sekondari ikapandikizwa humo humo. Shule mbili zikagawana kiwanja kimoja, kisha zikagombea nusu yake, kisha robo.

Mwaka 2016 elimu bila ada ilianza hadi kidato cha nne na milango ikafunguka zaidi. Mwaka 2021, kupitia fedha za mpango wa ustawi na mapambano dhidi ya UVIKO-19, serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini, 12,000 kati yake ya sekondari, na kuyataka yakamilike kwa muda mfupi. Nani angekataa madarasa? Watoto walikuwa wanakaa chini. Lakini katika shule ya mjini yenye eneo finyu, darasa linalotakiwa kukamilika kabla ya Januari halina muda wa kusubiri ramani mpya. Linakwenda penye nafasi, na mahali hapo watoto walikuwa wanacheza.

Wakati huo jiji lenyewe linazidi kujaa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni nyongeza ya zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi, na sehemu kubwa ya jiji imejengwa kabla mpimaji hajafika. Maeneo ya wazi yaliyokuwa kwenye michoro ya mipango miji mengine yamekuwa gereji, mengine baa, mengine nyumba za watu wanaosema wana hati. Zamani shule isiyo na kiwanja ilitumia cha mtaa. Leo mtaa nao hauna.

Hesabu ya nyumbani

Mtu anaweza kudhani habari hii ni ya walimu wa michezo na maofisa utamaduni. Mimi naona inaishia mezani kwa kila familia yenye mtoto sekondari.

Tuanze na fedha. Shule isipokuwa na kiwanja, mazoezi yanahamia mbali, na umbali una nauli. Pengine itabidi kukodi kiwanja cha nyasi bandia kwa saa. Elimu bila ada haifiki huko. Mama ntilie wa Tandale au dereva wa bodaboda wa Gongo la Mboto anapoambiwa mtoto alete nauli ya mazoezi mara tatu kwa wiki, hesabu inafanywa pale pale: nauli hiyo ni unga wa kesho. Mtoto anaambiwa aache mpira asome. Hajakosa kipaji wala hamu. Amekosa kiwanja ndani ya uzio wa shule yake.

Kuna usalama. Mazoezi yanayoanza kwa kusubiriana huisha kwa kuchelewa. Saa moja usiku mtoto yuko kituoni, na kila mzazi wa mji huu anajua konda anavyoweza kumtazama mwanafunzi wa nauli ndogo wakati abiria wa nauli kamili wamejaa. Atafika saa tatu, hajala, kazi ya hisabati haijaguswa. Mzazi anayemkataza asiende tena hana roho mbaya. Anaogopa Barabara ya Mandela usiku.

Kuna afya. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku. Mtoto wa mjini anakaa kwenye dawati mpaka alasiri, anasimama kwenye daladala, anarudi nyumba ya kupanga yenye ua wa kuanikia nguo, anakaa tena kwa masomo ya ziada. Dakika 60 hizo atazipata wapi kama si shuleni? Kisukari na shinikizo la damu, maradhi tuliyozoea kuyaita ya wazee na matajiri, sasa yanakula akiba za familia za kawaida. Dawa zake hununuliwa kila mwezi, maisha yote.

Na kuna muda mtupu. Kijana wa miaka kumi na sita lazima awe mahali fulani saa kumi jioni. Asipokuwa kiwanjani atakuwa kibanda umiza, akiangalia ligi ya Uingereza kwa shilingi chache, akijua kikosi kizima cha Arsenal ilhali yeye mwenyewe hajawahi kucheza kwenye kiwanja kamili cha watu kumi na moja. Kutoka hapo mpaka kubeti ni hatua fupi, maana mikeka inajazwa benchi lile lile. Mwalimu yeyote wa nidhamu atakwambia kwamba kijana anayeanza kupotea hurudi kirahisi zaidi kwa kuitwa kwenye timu kuliko kwa viboko. Mfungie kucheza wiki moja, utaona anavyotulia. Tulipoondoa kiwanja tuliondoa pia kamba aliyokuwa ameshikwa nayo.

Msichana hutolewa kwanza

Nafasi ikipungua, haipungui kwa wote sawa. Shule ikipata saa moja ya kiwanja cha kuazima, saa hiyo huenda kwa mpira wa miguu wa wavulana. Netiboli wanaambiwa watumie pembeni, penye kokoto. Mpira wa wavu wanaambiwa wasubiri wiki ijayo. Riadha haitajwi kabisa, kwa sababu mzunguko wa mita 400 hauna pa kukaa.

Mazoezi yakihamia kata ya mbali, pengo linaongezeka. Wazazi wengi watamruhusu mvulana aende na kurudi jioni, lakini si msichana, na mji ulivyo ni vigumu kuwalaumu. Hivyo msichana anaacha mchezo kidato cha pili, wakati ule ule ambao mwili na moyo wake vinahitaji kundi la wenzake, mwalimu anayemwamini na sababu ya kupenda kwenda shule.

Halafu tunashangilia. Mwaka 2022 Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India, na nchi nzima ilijivunia. Tulistahili kujivuna. Lakini tujiulize: wasichana wangapi wa rika lao, katika sekondari za kata za Temeke, Ilala, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni, waliwahi kupewa hata mwezi mmoja wa kujaribu? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na havikuundwa kwenye kijia cha kati ya madarasa.

Kipaji kisigeuzwe mali ya mwenye ada

Mwaka 2023, kule Durban, Afrika Kusini, wasichana wa Shule ya Sekondari Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa mpira wa miguu wa shule, mashindano ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF), na zawadi ya dola 300,000. Ni shule binafsi. Nawapongeza waanzilishi wake bila kinyongo, kwa kuwa walichofanya ni kile ambacho kila shule ingepaswa kufanya: waliweka michezo ndani ya ratiba na ndani ya eneo lao. Zamani kidogo, Makongo, shule iliyo chini ya jeshi, ilijulikana kwa kutoa wanamichezo. Jeshi lina ardhi, na penye ardhi pana mazoezi ya kila siku.

Shule za umma zinazosomesha watoto wengi kuliko zote zimebaki wapi? Tukiendelea hivi, miaka kumi ijayo timu ya taifa itachaguliwa kutoka kwa watoto ambao wazazi wao waliweza kulipa ada ya shule yenye nyasi, au wale waliobahatika kuokotwa na akademia. Mtoto wa mkaanga samaki wa Feri atakuwa shabiki tu. Michezo ilikuwa mlango ambao maskini aliingia bila kuulizwa baba yako nani. Tunaufunga mlango huo polepole, kwa matofali ya nia njema.

Najua atatokea mtu wa kuniambia kwamba Mbwana Samatta hakuhitaji kiwanja cha shule. Alitoka Mbagala, akapita African Lyon, Simba, TP Mazembe na Genk, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kujiunga na klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza, Aston Villa. Ni kweli, na ni fahari. Lakini Mbagala ya utoto wake ilikuwa na mchanga wa kutosha kuchezea chandimu kila kona. Leo pita Mbagala, Charambe au Chamazi uone mchanga huo umebaki kiasi gani kati ya nyumba na nyumba. Soka la mchangani lilitulea kwa sababu mchanga ulikuwepo. Huwezi kumwambia mtoto wa leo afuate njia ya Samatta wakati njia yenyewe imejengewa.

Tumewahi pia kuona matokeo ya kuipuuza michezo shuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya UMITASHUMTA, ya shule za msingi, na UMISSETA yalisimamishwa, na wanamichezo wa nchi hii bado wanakitaja kipindi hicho kwa uchungu kila timu ya taifa inapoyumba. Mashindano yalirudi, na miaka ya karibuni tumeyaona Mtwara, Tabora na Iringa yakijaza viwanja. Ila mashindano bila mahali pa mazoezi ni mtihani bila darasa. Mtoto anachaguliwa kwa alichokuja nacho, hakuna aliyemfundisha.

Madarasa kwanza?

Hoja nzito kuliko zote ni hii, na sitaki kuikwepa. Mzazi anasema: mtoto wangu yuko kwenye darasa la wanafunzi tisini, wewe unaniletea habari za mpira? Kwanza madarasa, kwanza maabara, kwanza vyoo. Kiwanja baadaye.

Namwelewa. Lakini nasema kwamba tumelazimishwa kuchagua kati ya vitu viwili ambavyo havikupaswa kushindana. Kiwanja kamili cha mpira wa miguu, cha mita 105 kwa 68, kina mita za mraba 7,140, takriban ekari moja na robo tatu. Ukijaza eneo hilo madarasa ya chini, unapata nafuu ya miaka michache. Idadi ya wanafunzi ikiongezeka tena, huna darasa wala kiwanja. Ukijenga kwenda juu, ghorofa mbili au tatu mahali palipo na jengo moja la zamani, unapata madarasa na ardhi inabaki. Dar es Salaam tayari kuna shule za umma zilizoanza kujengwa hivyo. Ghorofa ni ghali zaidi kwa kuanzia, sikatai. Lakini ardhi ya mjini ikishakwenda, hakuna bajeti itakayoirudisha. Halmashauri itakayotaka ekari mbili katikati ya Sinza miaka ishirini kutoka sasa itazilipia nini, na itamhamisha nani?

Tumekuwa tukikichota kiwanja kama unga wa akiba, kila mwenye shida na bakuli lake, bila anayeuliza umebaki kiasi gani. Maabara ni haki ya mtoto. Choo ni haki yake. Lakini kugharamia haki moja kwa kuuza nyingine ni kukimbia swali la msingi, ambalo ni hili: shule hii inapaswa kupokea wanafunzi wangapi, kwenye eneo la ukubwa gani?

Tena serikali yenyewe imeshaukubali uzito wa jambo hili. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imepanua elimu ya amali, na michezo imo miongoni mwa fani zake. Tutafundishaje ushonaji bila cherehani? Basi na riadha haifundishwi ubaoni.

Jirani zetu walivyotufundisha

Januari 2015, Nairobi, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umezingira uwanja wao wa kuchezea. Walitoka pamoja na wanaharakati kuupinga, na polisi wakawarushia mabomu ya machozi. Picha za watoto wenye sare wakikimbia moshi zilizunguka dunia. Aibu ikawa kubwa mno, uwanja ukarudi kwa shule.

Kisa kile kinakumbukwa kwa mabomu ya machozi. Mimi nakikumbuka kwa kilichofuata, kwani ndipo Kenya ilipoanza kuulizana kwa sauti: shule zetu zina hati? Ikaonekana kwamba shule nyingi za umma hazikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha mipaka yao, na wanyakuzi walikuwa wanalijua hilo kuliko walimu wakuu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Sisi hatuhitaji kungoja moshi ili tuulize. Shule ngapi za umma za jiji hili zina hatimiliki inayoonyesha kiwanja kwa jina lake, kwamba hapa ni pa michezo? Ngapi zina bikoni zinazoonekana? Ngapi zina uzio? Mkuu wa shule anayehamishwa baada ya miaka mitatu anamwachia mwenzake nini, zaidi ya maneno ya mdomo kwamba mpaka wetu ulikuwa pale kwenye mwembe?

Yanayowezekana

Sitaki kuishia kwenye malalamiko. Yapo mambo yanayoweza kufanyika, na mengine hayahitaji hata shilingi ya mkopo.

La kwanza ni hati. Kila shule ya umma ipimwe, iwekewe bikoni na ipewe hatimiliki, na kwenye mchoro wake kiwanja kiandikwe kiwanja. Mtu akitaka kukijengea, hata awe mfadhili mwenye hundi mkononi, iwe ni mabadiliko ya matumizi ya ardhi yanayotangazwa na kujadiliwa na wazazi hadharani. Si uamuzi wa kikao cha watu watano Ijumaa jioni.

La pili ni kanuni ya ujenzi. Katika kata zilizojaa, jengo jipya la shule liende juu. Sekondari mpya isisajiliwe mpaka ionyeshe mahali pa kuchezea, ndani ya eneo lake au kwa mkataba wa maandishi na jirani yake. Tunaidai shule mpya iwe na vyoo na maabara kabla ya kufunguliwa. Tuidai na hiki.

La tatu ni kutumia tulivyonavyo. Jiji hili halikosi viwanja kabisa. Limekosa ratiba ya kugawana. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina viwanja. Chang'ombe, chuo kishiriki cha elimu kina kiwanja. Kambi za jeshi na polisi zina viwanja vinavyokaa kimya saa nyingi za wiki. Kinondoni imejenga uwanja wake wa KMC pale Mwenge, jambo la kupongezwa, na linaleta swali halali: sekondari za kata za Kinondoni zimetengewa saa ngapi kwa wiki? Mikoani, viwanja vikubwa kama Kirumba, Sheikh Amri Abeid, Sokoine na Ali Hassan Mwinyi viko mikononi mwa Chama Cha Mapinduzi tangu enzi za chama kimoja, na jasho la wananchi wa itikadi zote limo katika kuta zake. Chama kikitenga jioni mbili kwa wiki kwa shule za umma bila malipo, kitakuwa kimelipa sehemu ya deni hilo. Na bonde la Msimbazi, ambako mradi mkubwa umepanga bustani ya jiji, lisisahau watoto wa sekondari zinazolizunguka. Wao ndio waliokuwa wakicheza humo kabla ya wachoraji kufika.

La nne ni kutopuuza kidogo. Shule iliyokwisha kupoteza kiwanja cha mpira haijapoteza kila kitu. Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, takriban mita za mraba 465. Cha mpira wa kikapu ni mita 28 kwa 15. Cha mpira wa wavu ni mita 18 kwa 9 tu. Sakafu moja ya saruji iliyochorwa mistari ya rangi tatu inaweza kuhudumia michezo yote mitatu kwa zamu, ndani ya uzio, mchana kweupe, na msichana akafika nyumbani kabla ya magharibi. Kituo cha vijana cha JMK pale Kidongo Chekundu, kilichofunguliwa mwaka 2015, kimeonyesha jinsi eneo moja lililopangwa vizuri katikati ya jiji linavyoweza kubeba michezo kadhaa na watoto wengi. Tunahitaji vidogo vyake katika kila tarafa.

La tano ni letu wazazi. Kwenye kikao cha shule tunauliza ufaulu, tunauliza chakula, tunauliza michango. Ni nadra kumsikia mzazi akiuliza kiwanja kiko wapi na hati yake iko wapi. Kiongozi hulinda kile anachoulizwa. Tusipouliza, diwani atajua kwamba kura haziko kiwanjani, na fremu zitaendelea kuota.

Tudai orodha

Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, inajiandaa kuwa mwenyeji wa AFCON 2027. Agosti 2025 tulipokea CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, na tukaona viwanja vikijaa. Arusha unajengwa uwanja wa watu 30,000. Nafurahia yote hayo, na nitakuwa miongoni mwa watakaoshangilia. Lakini uwanja wa watu 30,000 hauwezi kuzaa mchezaji. Mchezaji huzaliwa kwenye kiwanja cha shule ambacho hakina jukwaa, chenye vumbi, ambapo mwalimu mwenye kipenga anamwambia mtoto arudie tena.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri tano za Dar es Salaam ni moja, na linapimika. Kabla wageni wa AFCON hawajashuka uwanja wa ndege, chapisheni orodha ya kila sekondari ya umma mnayoisimamia: ina wanafunzi wangapi, kiwanja chake kina ukubwa gani, hati yake ni namba ngapi, na kama haina kiwanja, watoto wake wanafanyia mazoezi wapi na kwa makubaliano gani. Ibandikeni kwenye ofisi za kata, mahali ambapo kila mzazi anaweza kuisoma. Kazi hiyo inahitaji wapimaji, wakuu wa shule na miezi michache, mkandarasi hahitajiki. Orodha ikishatoka, kila mita itakayomegwa baada ya hapo itakuwa na tarehe, na itakuwa na jina la aliyeiidhinisha.

Diwani wako anapita mtaani wiki hii. Muulize orodha itatoka lini.